Nilivyoomba nisinyang'anywe mkataba wa ujenzi uliochelewa

Watu wengi wanadhani kwenye ukandarasi kazi ngumu ni kupata tenda. Hapana bwana. Kwenye tenda unakesha na NeST, ule mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, unapakia makaratasi, mtandao unakata, unarudia, mwisho wa siku umepata au umekosa, maisha yanaendelea. Ngumu ni pale muda wa mkataba umeisha, jengo halijaisha, na mezani kwako kuna barua yenye mhuri inasema mwajiri, yaani mwenye jengo, ana kusudio la kuvunja mkataba, jieleze ndani ya siku 14. Hapo ndo utajua nani rafiki yako na nani alikuwa anakuita boss kwa sababu unamlipa.

Mimi yamenikuta 2024. Nina kakampuni kadogo ka ujenzi, madaraja ya chini chini huko CRB, bodi inayosajili wakandarasi, tunajenga madarasa, zahanati, nyumba za watumishi, vitu vya aina hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya, halmashauri moja ya mkoa wa Lindi, jina sitaji maana wale watu bado tunakutana nao na kwa kweli walinisikiliza. Tulisaini Septemba 2023, mkataba wa miezi nane, kwaiyo ulitakiwa kuisha katikati ya Mei. Barua ya kusudio imekuja mwanzoni mwa Juni, jengo limepauliwa nusu, ndani lipu bado, madirisha hayapo. Ukipita barabarani unaona kabisa kuna kazi imelala.

Ngoja nianze na hesabu, maana wakandarasi wadogo wengi hatuipigi mpaka tushikwe. Tuseme mkataba ni wa milioni 400 na fidia ya kuchelewesha, ile tunayoiita LD, ni asilimia 0.1 kwa siku. Hiyo ni laki nne kila jua likizama. Jumapili inahesabika, Iddi inahesabika, siku ya msiba inahesabika. Kikomo chake ni asilimia 10, yaani milioni 40, unakifikia siku ya 100. Sasa mtu anasema aah si kuna kikomo, nikikifika hawanikati tena. Soma vifungu vya jumla vya mkataba wako vizuri ndugu yangu. Mikataba yetu mingi ya serikali imeandikwa kwamba ukichelewa idadi ya siku zinazomaliza ile fidia, hapo umevunja mkataba vibaya na mwajiri ana haki ya kukuondoa. Kwaiyo siku ya 100 makato yanakoma na wewe mwenyewe ndo unaanza kukoma.

Na kuondolewa siyo kuambiwa asante nenda nyumbani. Dhamana ya utekelezaji, ile kinga unayompa mwajiri kwamba kazi utaimaliza, inaitwa, bima wanailipa halmashauri alafu wanakugeukia wewe na hati ya kiwanja uliyoweka. Kazi iliyobaki inapimwa na unakatwa asilimia iliyoandikwa kwenye mkataba kwa ajili ya gharama za kumtafuta mwingine. Vifaa vilivyopo saiti vinahesabika ni vya mwajiri, mashine ya zege, mabomba ya jukwaa, mbao, hata tofali ulizofyatua juzi. Juu ya hapo wanaweza kukupeleka PPRA, wasimamizi wa manunuzi ya umma, ukafungiwa, na ukifungiwa hiyo NeST utaifungua kuangalia tu tenda za wenzako.

Nilipopata barua simu zilianza. Kila mtu ana ushauri. Mmoja ananiambia mama, mtafute diwani aongee na Mkurugenzi wa halmashauri. Mwingine anasema twende kwa mbunge, yule ni mtu wa watu. Mwingine, huyu ni shemeji yangu kabisa, anasema peleka kitu kidogo mambo yaishe. Nikamwambia shemeji, hii ishafika kwa mwanasheria na bodi ya zabuni, karatasi zina watu watano wameshazisoma, hicho kitu kidogo nitakigawa mara ngapi, na TAKUKURU wenyewe, wale wa rushwa, hiyo miradi ya afya wanaizungukia kila siku. Na la mbunge nalo nililikataa. Mkurugenzi akishapigiwa simu na mheshimiwa, hata kama alikuwa anataka kukusaidia anaogopa, maana mkaguzi akija atauliza kwa nini huyu aliachwa, na jibu la "nilipigiwa simu" halikai kwenye faili. Mtu wa ofisini anataka karatasi ya kumkinga. Ukimpa hiyo karatasi amepata sababu ya kukuacha uendelee, usipompa hata akikupenda vipi anasaini kukuondoa.

Kijana wangu wa ofisini aliandika rasimu ya kwanza ya barua. Yah: maombi ya kuonewa huruma. Ukurasa mzima ni unyenyekevu, kampuni yetu changa, tunaomba mtufikirie, tuna wafanyakazi wanaotutegemea, tunaahidi kujituma usiku na mchana. Nikaisoma nikamuuliza, sasa Mkurugenzi akishatuhurumia, kwenye faili ataandika nini? Akacheka. Tukaanza upya.

Kilichotuokoa ni kaunta buku. Foremani wangu ni mzee mmoja wa Kimwera, mkali, anavuta sigara na kuandika. Kila jioni anaandika, hata siku ambayo hakuna kilichofanyika anaandika kwamba hakuna kilichofanyika. Nilikuwa namuona kama anapoteza muda, tunataka kufunga ofisi yeye bado anaandika. Sasa tukalifungua. Nakunukulia alivyoandika siku moja ya mwezi wa tano: "Mvua toka usiku mpaka saa 8 mch. Upepo umetoa bati 6 upande wa mashariki. Vibarua 14 wamekuja, wamerudi, wamelipwa nusu siku. Gari la madirisha dereva kapiga simu yupo Somanga, barabara hakuna." Sahihi yake, na chini kuna sahihi ya msimamizi wa halmashauri aliyekuja siku mbili baadae akasaini tu bila kusoma, kama kawaida yao. Ile sahihi ya bila kusoma ilikuja kuwa na thamani kuliko barua zote nilizoandika mimi.

Tukakaa na hilo daftari tukaligawa kuchelewa kwetu mafungu matatu. Hapa naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu ndo pana maana.

Fungu la kwanza, malipo. Cheti chetu cha pili, yaani hati ya kudai malipo ya kazi iliyofanyika, kiliwasilishwa Januari, mkataba unasema mwajiri alipe ndani ya siku 28, hela imeingia Machi inaishia. Katikati hapo hadwea zilishatufungia madeni, mafundi wakubwa wakasepa kwenda saiti zingine, tukabaki na watu wa kulinda na kumwagilia. Huu ni ucheleweshaji wa mwajiri, hauna ubishi, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zenyewe kila mwaka zinaongelea wakandarasi kucheleweshewa malipo na riba zinazotokana na hilo. Lakini sikuandika kwa hasira. Unaona wenzetu wanaandika "kutokana na uzembe wa ofisi yako", alafu mwisho wa barua wanamuomba huyo huyo mzembe awaache. Mimi niliweka tarehe tu. Cheti kiliwasilishwa tarehe fulani, kiliidhinishwa tarehe fulani, kililipwa tarehe fulani, kazi zilizosimama ni hizi. Na nilikuwa na kitu kimoja cha muhimu sana, barua ya Januari hiyo hiyo ya kutoa tahadhari kwamba malipo yakichelewa ratiba itaathirika, nakala yangu ina mhuri wa masjala. Usidharau mhuri wa masjala. Meseji ya WhatsApp kwa injinia siyo barua, hata kama amejibu "sawa mama".

Fungu la pili, mvua na barabara. Hapa ndo wengi wanachemka. Ukimwambia mwajiri nilichelewa kwa sababu ya mvua anakujibu mvua ulikuwa unaijua ulipojaza tenda, na ana haki. Ukitaka mvua ikusaidie lazima uonyeshe haikuwa mvua ya kawaida ya eneo hilo. Sasa huku kusini hatuna masika na vuli kama Dar au Tanga, TMA, watu wa hali ya hewa, wenyewe Lindi na Mtwara wanatuweka kwenye mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili. Hizo za Desemba na Januari sikuziombea nyongeza ya hata siku moja, japo mwaka ule ulikuwa na El Nino na kila mtu alilowa. Niliombea Hidaya. Kimbunga Hidaya kimekuja Mei 4, 2024, msimu umeshaisha kwenye kalenda ya TMA, na hakuna mtu mzima anayeweza kusimama Lindi akasema kimbunga kilitegemewa kwenye programu ya kazi. Barabara ya Kibiti kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakapanga foleni pande zote mbili, wengine wakaamua kuzunguka Songea, Tunduru, Masasi, ambayo kwa gari la mzigo ni nchi nzima unaimaliza.

Kwenye hili injinia wa halmashauri alikuwa na swali zuri na nilijua atalileta. Saruji yako inatoka Mtwara, kiwanda kipo hapo kwa Dangote, Somanga inakuhusu nini wewe? Na ni kweli, saruji ilikuwepo. Mkandarasi akisema kwa jumla tu "barabara ilikatika vifaa havikufika" anaumbuka kwa swali hilo moja. Kwaiyo kwenye jedwali hatukuandika vifaa, tuliandika fremu za aluminiamu na taili, vilivyonunuliwa Dar, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya tarehe kabla ya kimbunga, deliveri noti yenye tarehe vilipofika saiti, na jina la gari. Kazi ya lipu hatukuidai hata siku moja kwa kisingizio cha Somanga, maana lipu inataka saruji na mchanga na vyote tulikuwa navyo. Injinia alipoona lipu haipo kwenye madai yangu akatulia. Baadae aliniambia nilipoona hujadanganya kwenye lipu nikaacha kukagua yale mengine kwa jicho baya.

Fungu la tatu, korosho. Kila anayejenga kusini anajua, kuanzia Septemba Oktoba hivi watu wapo mikoroshoni. Kibarua unayempa elfu kumi kwa siku ana mikorosho ya babu yake inadondosha, minada inaanza Oktoba, unafikiri atakuja kukubebea zege? Tulipandisha posho, tukaleta watu toka Masasi, nao kwao kuna mikorosho, tukapungukiwa watu kwa wiki kadhaa. Kimkataba hili ni la mkandarasi. Vibarua ni juu yako, popote utakapowatoa. Kijana wangu akasema tulifiche, tulichanganye na mvua za Novemba nani atajua. Nikamwambia wote mle ndani wana mikorosho, hakuna asiyejua. Tukaandika wazi kabisa: kwa wiki hizi mkandarasi haombi nyongeza ya muda na yupo tayari kukatwa fidia kama mkataba unavyosema.

Kwaiyo ombi likawa hivi, utuongezee siku za malipo na siku za Hidaya, hizi za korosho utukate fidia. Ni ombi dogo kuliko ambalo ningeweza kuomba. Mwenzangu mmoja mkandarasi aliniambia ungeomba miezi minne wakupe miwili, kama sokoni. Mimi sikubaliani na hilo la kupandisha ili washushe. Mwanasheria akishagundua fungu moja umelipuliza, anaanza kupunguza na yale ya haki.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau kabisa, dhamana. Dhamana ya utekelezaji ina tarehe ya kuisha. Mkataba ukichelewa na dhamana imeisha, unaingia kwenye kikao unaomba kuendelea huku mwajiri hana kinga yoyote mkononi. Mwanasheria yeyote aliye macho atasema hatuwezi kuendelea na huyu. Kabla ya kikao nilienda kwa watu wa bima nikaomba waongeze muda wa dhamana, walinisumbua kweli kweli, wanataka barua ya mwajiri kwamba mkataba umeongezwa, na mwajiri anataka dhamana kabla hajaongeza, kuku na yai. Mwisho nililipa ada ya miezi ya mbele kabla hata sijajua kama nitabaki. Iliniuma, lakini nikaingia kikaoni na hati mpya mkononi.

Haya, kikao. Tuliitwa wakandarasi wawili siku moja, mimi na baba mmoja ana kazi ya makalavati. Tulikaa kwenye benchi nje tukapiga stori, mtu mzuri, mcheshi, tukashea na karanga. Yeye kaanza kuingia na mlango haukufungwa vizuri, tulikuwa tunasikia. Akaomba sana. Akasema waheshimiwa nipeni wiki mbili, nawaahidi, mimi ni mtu mzima siwezi kuwadanganya, nina watoto wanasoma. Sauti ya mtu mzima inatetemeka, mpaka karani aliyekuwa nje na sisi akainamisha kichwa. Alafu nikasikia injinia anauliza kwa upole kabisa, mzee wangu, kokoto ziko wapi? Kimya. Nondo umeshanunua? Akasema nina proforma. Hapo nikajua imekwisha. Proforma ni karatasi ya kuulizia bei tu jamani, hata mtoto anapewa dukani. Risiti ya EFD na picha ya mzigo umeshushwa, hiyo ndo inaongea. Yule baba walimuondoa, na sidhani kama alikuwa fundi mbaya kuliko mimi.

Nikaingia mimi. Shikamooni kwa waliokuwa wakubwa, nikakaa. Mkurugenzi, injinia, mwanasheria, afisa manunuzi, na mganga mkuu wa wilaya ambaye ndo mwenye shida na jengo. Kila mmoja nilimpa kabrasha lake, jedwali juu, viambatanisho vina namba, ukurasa wa daftari la foremani umepigwa kopi. Nilisema kwa kifupi sana, sikutaka kuhutubia.

Mwanasheria akaanza na tahadhari, ulitoa taarifa wakati matukio yanatokea au umekumbuka leo? Nikamwambia kiambatanisho namba fulani, mhuri wa masjala. Akafungua, akaangalia, akaendelea kufungua kurasa zingine bila kusema kitu. Afisa manunuzi akauliza dhamana, nikampa. Injinia akaleta lile la saruji ya Mtwara, nishaeleza.

Alafu mganga mkuu akaongea. Huyu hakuwa na habari na vifungu. Akasema mama, mimi sijali nani anajenga, kina mama wangu wanajifungulia kwenye chumba ambacho kitanda kingine hakiingii, wakizidi wawili mmoja anasubiri korido. Mkinibadilishia mkandarasi au msinibadilishie, niambieni lini.

Hapo nikatoa kitu ambacho sikuwa nimekiandika kwenye barua, nilikuwa nacho kwenye mpango kazi mpya lakini nilikihifadhi. Nikasema upande wa chumba cha kujifungulia, na stoo yake na choo, uko chini ya paa lililokamilika. Nikielekeza nguvu huko kwanza, taili zipo saiti, madirisha ya upande huo yapo, naweza kuwakabidhi hiyo sehemu mapema waanze kutumia, wodi yenyewe ya kulaza ifuate. Injinia akasema na vumbi la ujenzi? Nikamwonyesha kwenye ramani, tunaweka ukuta wa muda wa plaiwudi hapa, mlango wa kuingilia wagonjwa unakuwa huku nyuma, mafundi huku mbele. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu mlango wa nyuma na njia ya machela. Nikanyamaza. Mtu anayebishana mlango ukae wapi hana mpango wa kukufukuza.

Mkurugenzi akarudi kwenye lake, mwaka wa fedha. Juni 30 ilikuwa inakuja na yeye alikuwa na wasiwasi wa pesa kurudi Hazina. Hili nilishalipigia hesabu kwa niaba yake, ukurasa mmoja tu. Ukimuondoa mkandarasi leo, kuna kupima kazi kwa pamoja na kukubaliana thamani, kuna kuandaa BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei, ya kazi iliyobaki, kuitangaza, kuithamini, kipindi cha malalamiko, mwanasheria kuupekua mkataba, mwingine kuleta vifaa. Juni 30 itakupita ukiwa bado kwenye kupima. Na kuna jambo ambalo wanaolilia kuvunja mikataba hawalifikirii, mkandarasi mpya hatokubali kubeba dhamana ya msingi ambao hakuumwaga yeye. Ufa ukitokea mwakani atasema muulizeni yule wa kwanza, na yule wa kwanza mlishamfukuza. Bei yake nayo itakuwa ya leo, wakati mimi mkataba wangu ni mfupi, bei ni ile ile niliyosaini hata bati lipande vipi. Sikuongea kama kitisho. Nilimpa karatasi nikasema Mkurugenzi hii ni kwa ajili ya mjadala wenu mkiwa peke yenu.

Mwisho wakaniuliza hela ya kumalizia iko wapi, maana mkandarasi akichelewa kila mtu anajua ameishiwa. Swali halali kabisa. Nilikuwa na barua ya mwenye duka anayekubali kunikopesha taili na rangi zilizobaki, kwa sharti cheti kinachofuata sehemu ya deni lake ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti yake, siyo kupitia kwangu. Nimesaini idhini hiyo mbele yao. Wanaume wengi kwenye hii kazi hilo hawalitaki, wanaona kama wamevuliwa suruali, hela yako inapitaje kwa mwenye duka. Mimi naona ni sawa tu, taili zitafika na mimi faida yangu ipo kwenye kumaliza.

Nikatoka nje. Jibu halikuja siku hiyo, lilikuja kwa barua, na lilikuwa na masharti. Nyongeza ya muda kwa fungu la malipo walitoa karibu yote. La Hidaya walipunguza kidogo, wakasema baada ya barabara kufunguka nilichukua muda mrefu kuleta mzigo, na sikubishana, maana gari lilikuwa la kukodi na dereva alikuwa ana mizigo ya watu wengine. Kikao cha maendeleo kila wiki, Ijumaa, saiti na siyo ofisini. Na mpango kazi uandikwe kwa vitu vinavyoonekana kwa macho. Hili la mwisho lilikuwa la injinia na nililipenda mpaka leo nalitumia kwenye kazi zingine. Badala ya kuandika "umaliziaji asilimia 70", unaandika Ijumaa hii lipu chumba namba moja mpaka tatu imeisha, Ijumaa ijayo fremu zote upande wa mashariki zimefungwa. Mtu yeyote anakuja anaangalia, ipo au haipo. Kuna Ijumaa tulikosa kitu kimoja, foremani akakiandika yeye mwenyewe kwenye daftari kabla injinia hajafika, na injinia alipokuja akakuta kimeshaandikwa akasaini. Safari hii alisoma.

Upande wa chumba cha kujifungulia tulikabidhi kwanza kama tulivyosema, wodi ikafuata, bado kulikuwa na orodha ya marekebisho, kitasa hiki, taili ile ina mwanya, koki inavuja, ya kawaida. LD ya wiki za korosho tulikatwa kama tulivyoandika wenyewe, ikala sehemu nzuri ya faida, sitaki kusema kiasi gani mume wangu anasoma hapa. Nusu ya pesa ya zuio, ile wanayoishikilia kwenye kila malipo mpaka jengo lithibitike, imetoka baada ya makabidhiano. Nusu ya pili nilisubiri kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro za jengo, kiishe, kikaisha, wakaja kukagua wakasema kuna ufa wa plasta kwenye kona ya korido, tukaurekebisha asubuhi moja. Barua ya kuomba hiyo nusu ya pili nimeshaipeleka na nakala yangu ina mhuri wa masjala.